Sentensi moja, kila siku ya posho
(Maneno yaliyosomwa mu mukutano wa wazazi)



Wengi wetu tulirudi kupitia Kasindi. Watoto walianza masomo Uganda mu Kingereza. Hapa Butembo na Beni wanakuta Kifaransa. Wadogo zao waliozaliwa huku hawajui Kingereza hata neno. Wengine kati yenu munauliza: Kingereza cha kazi gani sasa? Muangalie mizigo ya wachuruzi wetu: inatoka Kampala, inapita Mpondwe. Na tangu mwaka 2022 inchi yetu iko mu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Luga isiyotumiwa na mutoto inaweza kupotea.

Kwa hiyo, kila siku ya posho tunakutanisha wakubwa na wadogo. Mudogo anasema kwanza kwa Kiswahili ao Kinande kitu alichofanya leo. Mukubwa anamusaidia kukisema kwa Kingereza. Kisha anaandika: sentensi moja tu, herufi kubwa mwanzo, nukta mwisho.

Makosa mengi yako na sababu. Sisi tukisema "anakula", neno moja linabeba yote. Kinande vilevile. Ndiyo maana mutoto anaandika "Is eating". Hatumupigie kelele, tunamuuliza: "Ni nani?" Anaongeza: "Kambale is eating." Halafu "yeye" yetu ni moja kwa wote, lakini kwa Kingereza Masika ni "she", Kambale ni "he".

Wenye kuzoea Kifaransa wanaandika "I have ten years", juu Kifaransa kinasema mutu ana miaka. Kingereza kinasema "I am ten years old". Tena sisi tunasema "nyumba kubwa". Kingereza kinatanguliza ukubwa: "a big house". Kwa hiyo tunaandika maneno ku vipande vya karatoni, mutoto anavipanga ku meza mpaka vikae sawa, ndipo anashika biki. Na tunasahihisha kosa moja kwa mara moja. Kaye ikijaa rangi nyekundu, mutoto anaacha kuandika.

Wazazi, kuna jambo lingine, na ndilo kubwa. Kati ya watoto wetu waliorudi, wengine wamerudishwa kalasi za chini juu ya Kifaransa. Wanakaa nyuma, kimya, wanachekwa. Siku ya posho, mutoto huyo ndiye mwalimu. Wadogo wanamungojea ku mulango. Anakumbuka kwamba yale aliyojifunza ukimbizini ni mali, si haya.

Hatuombi vitabu vya bei kali. Kila jamaa ilete kaye moja na biki moja kwa mutoto. Na mangaribi mumuulize: "Leo umeandika nini?" Hata kama hamujui Kingereza, akusomee, kisha akuelezee kwa Kiswahili. Akishindwa kueleza, hajaielewa bado; posho inayofuata tutairudilia pamoja.