Haki Bila Jalada Hupotea Bila Habari



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Huenda waliwaza duka na biashara, lakini neno lao linaihusu mahakama kuliko linavyolihusu duka. Mfanyabiashara asiye na daftari hupoteza fedha. Mtu aliyehukumiwa kifungo, kisha jalada la kesi yake lisionekane, hupoteza miaka ya maisha yake. Na yule aliyeibiwa au kujeruhiwa, kama kumbukumbu ya ushahidi wake imepotea, hupoteza haki aliyokuwa amekwisha kuipata.

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo hilo: namna mwananchi wa kijijini, aliye mbali na makao makuu ya wilaya, anavyoweza kulipata jalada la kesi ya jinai iliyosikilizwa hadharani, na kwa nini mara nyingi halipati.

Kwanza ieleweke jalada ni nini. Ndani yake mna hati ya mashitaka, majibu ya mshitakiwa, maneno ya mashahidi wa pande zote mbili, orodha ya vielelezo, amri zilizotolewa siku hata siku, na mwisho hukumu yenyewe pamoja na sababu zake. Hakimu huweza kuhamishwa, mashahidi huweza kufariki, na akili ya binadamu husahau. Jalada pekee ndilo linalobaki kusema kesi ilikwendaje. Ndiyo maana mahakama ya juu inaposikiliza rufani, kwa kawaida haiwaiti mashahidi upya, inasoma kumbukumbu. Kwa hiyo mrufani asiye na kumbukumbu ni sawa na mtu aliyeitwa kusema huku amefungwa kinywa.

Haki hiyo haikupatikana kwa bahati. Wakati wa utawala wa Waingereza, mtu yule yule aliyekusanya kodi, yaani mtemi au liwali, ndiye aliyekaa barazani kuamua kesi za Waafrika. Rufani za mabaraza hayo zilipanda kwa wakubwa wa utawala, akiwamo Bwana Shauri, wala hazikwenda Mahakama Kuu kama zilivyokwenda za Wazungu. Mara baada ya Uhuru Serikali ya TANU iliuvunja mpango huo. Mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa, na sheria ya mahakama za mahakimu iliyotungwa mwaka huo huo ikaunganisha mahakama zote katika ngazi moja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, na Mahakama Kuu juu yake. Toka hapo kesi ya mkulima ilipewa njia ya kupanda hadi juu kama kesi ya mtu mwingine yeyote. Haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufani ziliingizwa katika Katiba ya mwaka 1977 kwa marekebisho ya mwaka 1984, na zimo katika ibara ya 13 hadi leo.

Hata hivyo, njia ipo, lakini mpita njia lazima awe na mzigo wake, na mzigo huo ni jalada.

Na uchukuliwe mfano wa mkulima ambaye ndugu yake amefungwa na Mahakama ya Mwanzo kwa kosa la wizi. Siku ya hukumu chumba kilijaa watu. Kila mtu alisikia, kwa kuwa kesi za jinai husikilizwa katika mahakama ya wazi, isipokuwa pale sheria inapoamuru faragha, kama vile katika kesi za watoto. Baada ya wiki mbili mkulima huyo anarudi mahakamani kuomba nakala ya hukumu. Anaulizwa namba ya kesi, haijui. Anaulizwa tarehe, anakumbuka kwamba ilikuwa siku ya gulio. Anaambiwa aje kesho. Kesho anaambiwa jalada halipo. Anarudi kijijini akiamini kwamba mambo yamefichwa, na siku zinakatika.

Wapi palipoharibika hapo? Palipoharibika ni pawili. Kwanza, hakuna aliyemweleza mkulima huyo kwamba majalada hayatafutwi kwa sura ya mtu bali kwa namba na mwaka. Kila kesi inapofunguliwa huandikwa katika rejista na kupewa namba yake. Mwenye namba hiyo, jina la mahakama na jina la mshitakiwa kama lilivyoandikwa katika hati ya mashitaka, ana ufunguo wa masijala. Asiye nayo bado anaweza kusaidiwa, kwani karani anaweza kuipitia rejista kwa kufuata mwezi na majina. Lakini hiyo ni kazi ya saa nyingi, na inategemea moyo wa karani.

Pili, maneno "jalada halipo" hayatoshi kuwa jibu. Jalada haliondoki kwa miguu yake. Huenda limepelekwa Mahakama ya Wilaya kwa sababu upande mwingine umekata rufani, au kwa sababu hakimu wa wilaya, kwa mamlaka aliyopewa na sheria, ameliita ili alikague. Huenda liko mezani kwa hakimu likisubiri kuchapwa. Jibu la mtumishi anayeijua kazi yake ni kusema limekwenda wapi, lini, na kwa barua gani. Mwananchi aliyepewa jibu hilo anajua pa kwenda. Mwananchi aliyeambiwa "halipo" anajua kwenda nyumbani tu.

Jambo hili lisingekuwa zito kama sheria isingeweka muda. Rufani ya kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi. Kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya, rufani inapokwenda Mahakama Kuu, mtu aliyetiwa hatiani hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10, kisha huwasilisha sababu zake ndani ya siku 45. Katika hesabu ya siku hizo 45, sheria huondoa muda uliohitajika kupata nakala ya mwenendo na hukumu. Aliyeko gerezani huweza kukabidhi hati yake kwa mkuu wa gereza, naye akawajibika kuifikisha mahakamani. Mahakama pia ina uwezo wa kuongeza muda panapokuwa na sababu za kutosha. Lakini sababu huthibitishwa, haisemwi tu. Mtu aliyeomba nakala kwa mdomo hana cha kuonyesha. Aliyeomba kwa barua, akabaki na nakala yake iliyopigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, ana ushahidi kwamba uzembe haukuwa wake. Karatasi hiyo moja inaweza kuwa tofauti kati ya rufani inayosikilizwa na rufani inayotupwa nje kwa kuchelewa.

Kuna na tatizo la lugha. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili tangu mwanzo. Lakini juu yake, kwa miaka mingi, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza hata pale mashahidi wote, mshitakiwa na hakimu mwenyewe walipozungumza Kiswahili. Sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hayo ni mapinduzi makubwa. Lakini hukumu zilizoandikwa kabla ya hapo bado ziko kwa Kiingereza, na wako watu ambao maisha yao yameandikwa ndani yake wasiweze kuzisoma. Anayeendewa na karatasi hiyo kijijini ni mwalimu. Mwalimu anayeisoma pamoja na mwenyewe, polepole, bila kuongeza wala kupunguza, anatenda kazi ya ukombozi.

Tena yako majalada ambayo kweli yamepotea. Mvua imevuja, mchwa wamekula, au karatasi zimechanganyika wakati wa kuhamisha ofisi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekutana na rufani za namna hiyo zaidi ya mara moja. Kwanza huamuru kumbukumbu zitafutwe na kukusanywa upya kutoka kila mahali zilikobaki nakala: polisi, kwa waendesha mashitaka, gerezani na kwa wahusika wenyewe. Zikikosekana kabisa, mahakama hujikuta katika njia panda: kumshikilia mtu ambaye haiwezi kuipima hatia yake, au kumwachia mtu ambaye pengine alistahili kifungo chake. Katika njia panda hiyo hakuna anayeshinda. Asiye na hatia amekwisha kuumia, na aliyetendewa ubaya anaona kazi ya polisi, mashahidi na hakimu imekuwa bure, kwa sababu ya kabati lisilofungwa.

Ni haki kusema pia upande wa makarani. Wengi wao hufanya kazi katika chumba kimoja, pamoja na majalada ya miaka mingi, na hakimu mmoja huweza kuhudumia zaidi ya mahakama moja. Kuwalaumu bila kuwapa makabati na vifaa ni kumlaumu mkulima kwa kukosa mavuno baada ya kumnyima jembe. Lakini uhaba wa vifaa hauhalalishi majivuno. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi juu ya ubezi na dharau kwa wananchi, na onyo hilo halikuwahusu wakubwa peke yao. Wala uhaba hauhalalishi "chai". Ada yoyote halali hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali na kutolewa stakabadhi. Fedha inayopokelewa mkononi ili jalada "lionekane" ni rushwa, na rushwa ni kosa la jinai kwa anayetoa na anayepokea, chini ya sheria ya mwaka 2007.

Wako wanaosema kwamba kompyuta zimekwisha kulimaliza tatizo hili. Ni kweli kwamba hatua kubwa imepigwa. Mashauri husajiliwa kwa njia ya kielektroniki, na hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu husomwa na mtu yeyote katika mtandao wa TanzLII bila malipo. Lakini kesi nyingi za mnyonge huanza, na nyingine huishia, katika Mahakama ya Mwanzo, na majalada ya zamani ya huko bado ni karatasi. Isitoshe, mashine nayo huuliza swali lile lile la karani: namba gani, mwaka gani, jina gani?

Ni lazima pia kutoa tahadhari. Uwazi wa kumbukumbu si ruhusa ya kumwumbua mtu. Kushitakiwa si kupatikana na hatia, na hukumu iliyotenguliwa na mahakama ya juu si hukumu tena. Anayetaka kujua habari ya kesi ya mtu asome mpaka mwisho, aulize kama kulikuwa na rufani, na iliishaje. Majina ya watoto, na ya waliotendewa makosa ya kujamiiana, yasigeuzwe kuwa hadithi za kilabuni. Jalada limewekwa ili kulinda haki, si kulisha umbea.

Basi wajibu wa kila mmoja unajulikana. Mtumishi wa mahakama aandike katika daftari kila jalada linapotoka na linaporudi, na siku ya hukumu amwandikie mshitakiwa au ndugu yake namba ya kesi katika kipande cha karatasi, bila kungoja kuombwa. Afisa mtendaji wa kijiji awaeleze wananchi mkutanoni muda wa rufani, kama anavyowaeleza habari za mbolea na chanjo. Mwalimu awafundishe wanafunzi wa darasa la saba kuandika barua fupi ya kuomba nakala: jina la mahakama, namba ya kesi, majina ya wahusika, tarehe ya hukumu, kinachoombwa, na sahihi. Ni mistari sita tu. Mtoto anayeweza kuiandika ataweza siku moja kumwandikia baba yake, naye baba akaipeleka mahakamani, ikapigwa muhuri, na siku zake zikahesabiwa kwa haki.

Mahakama ya wazi haiwi wazi kwa sababu mlango wake haukufungwa siku ya hukumu. Huwa wazi pale mkulima aliyekuwa shambani siku ile anapoweza kufika baada ya mwezi, akaomba kusoma kilichosemwa juu ya ndugu yake, akakisoma.