Uchafu Haupotei, Huhama

(Mazungumzo ya wafagiaji na watunza bustani wa chuo kikuu kimoja mbele ya vikundi vya kujisaidia)

Sisi si wasomi wa chuo. Sisi ndio tunaoingia madarasani kabla wasomi hawajafika. Tunafagia, tunapiga deki, tunaosha vyoo na kufyeka nyasi. Labda mnajiuliza, mambo ya chuo yanatuhusu nini sisi watu wa shamba? Yanawahusu, kwa sababu mtaro wa chuo haukomi kwenye ua wa chuo. Maji tunayomwaga kule juu huteremka hadi mtoni, na mtoni ndiko mnakochota.

Neno letu leo ni moja: uchafu haupotei, huhama. Kazi ya usafi ni kujua umehamia wapi, na ni nani ataupokea.

Kwanza, dawa za kusafishia. Choo kikinuka, watu wengi huongeza dawa tu. Dawa ya klorini, ile mnayoita jiki, ina faida yake; mgala muue na haki mpe. Inaua vijidudu. Lakini ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu yake huishia kwenye uchafu huo. Kwa hivyo anza na sabuni na brashi, suuza, halafu tia dawa kidogo iliyopimwa kwa maji kama karatasi ya chupa inavyosema, na uipe muda wa kufanya kazi. Sakafu ya darasa kila siku haihitaji klorini. Sabuni na maji yatosha.

Hapa tusikilizane vizuri, kwa maana ni jambo la uhai. Klorini ikichanganywa na asidi ya choo hutoa gesi ya sumu. Ikikutana na amonia, hata ile ya mkojo uliolala, hutoa sumu nyingine. Mwenzetu mmoja alipewa na mwenye kandarasi chupa mbili zisizo na karatasi. Akaosha choo kwa zote mbili, akakohoa hadi tukambeba nje. Hakuna aliyekuwa amemweleza kilichomo. Tangu siku hiyo tunakataa chupa isiyo na jina, hatuchanganyi dawa, na tunafungua madirisha kabla ya kuanza. Nyumbani kwenu pia, msitie dawa kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi karatasi.

Pili, majani na mabaki ya jikoni. Zamani desturi ilikuwa kufagia, kurundika, kisha kiberiti. Chuo kilionekana safi, lakini uchafu ulikuwa umehamia vifuani mwetu. Na ajabu ni kwamba baada ya kuchoma majani, chuo kilinunua mbolea ya kukuza maua!

Sasa tunatengeneza mboji. Chini tunaweka vijiti ili hewa ipite. Juu yake majani makavu, kisha mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi, majivu kidogo na udongo kidogo. Tunanyunyizia maji na kurudia hivyo mpaka biwi lifike kiunoni au zaidi kidogo. Tunachomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache tunaichomoa: ikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea, ikiwa kavu, tunaongeza maji. Tunageuza kila baada ya wiki 2 au 3, na kwa muda wa miezi 3 hivi mboji huwa tayari. Plastiki isiingie humo hata kidogo. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu taka inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Ndoo mbili tu zatosha kuanza.

Tatu, maji na nyasi. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 20 kwa 10 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 4,000. Hata nyingine zikipotea, hayo ni maji mengi ya kupigia deki na kunyweshea miche. Nyasi nazo hatuzifyeki mpaka udongo uonekane. Zikiachwa kimo cha kidole, hufunika ardhi, hushika unyevu na kuzuia mmomonyoko.

Na miti je? Marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanzisha kazi ya Green Belt mwaka 1977. Tarehe 5 Juni mwaka huo yeye na wenzake walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mingi ilikauka. 2 ndiyo iliyosalia. Kupanda ni kazi ya siku moja yenye wageni na picha. Kunywesha ni kazi ya kila jioni, na hakuna anayekuja kupiga picha.

Nne, na hili ndilo lililotuuma zaidi. Wengine wetu waliogopa: jameni, tukitumia dawa kidogo na kufyeka mara chache, si tutapunguzwa kazini? Hofu hiyo si ya bure, maana wengi wetu ni vibarua. Ndiyo sababu tuliwaendea wakubwa pamoja, si mmoja mmoja, tukawaomba saa zilizookolewa ziingie kwenye mboji, miche na matangi, na pesa za dawa zilizobaki zinunue glavu na buti. Glavu tumezipata. Buti bado tunadai. Utunzaji wa mazingira unaomtupa mfagiaji nje ya lango bado una uchafu ndani yake.

Ombi letu kwa kila kikundi ni hili. Kabla ya mkutano wenu ujao, fuateni kwa miguu maji yenu machafu, kutoka shuleni, sokoni, au kwa nyumba zenu, mpaka yanakoishia. Mkimkuta mtu anachota hapo, basi mmeshapata kazi ya kwanza ya kikundi.