Mchagua Jembe si Mkulima

(Maneno ya mwanachama mmoja, fundi wa kukereza, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika tano niwaombe mchango wa kununulia karakana ya shule mashine ya kunolea. Nitauomba. Lakini kwanza niwaeleze kwa nini mafundi wa Handeni waliniita Bwana Cheche.

Nilipomaliza shule mwaka 1974 nilikwenda Handeni kujifunza kukereza kwa mzee mmoja. Tulikereza miguu ya vitanda na michi, na mara nyingine mpingo. Vijana, mpingo si mti wa mchezo. Ukiutia majini unazama. Ulaya huutengenezea klarineti. Patasi ikiugusa kidogo tu, huwa butu kama kijiko. Basi mzee alinoa kuliko alivyokereza. Kinoo chake, jiwe la mtoni, kilikuwa kimebonyea katikati kama mtumbwi. Wateja walimtania: "Mzee, unachonga kitanda au unachonga jiwe?"

Mimi nikaona huo ni ushamba. Nikapanda basi hadi Korogwe. Huko mitambo ya umeme ya Hale, iliyofunguliwa mwaka 1964, haikuwa mbali, na rafiki zangu walikuwa na jiwe la umeme. Nilichukua bobari ya mzee, aliyorithi kwa baba yake, bila kumwuliza. Cheche ziliruka kama fataki, nikajiona fundi mkuu. Nikakandamiza mpaka ncha ikageuka buluu. Nikadhani ni uzuri! Kumbe chuma cha aina ile kikifikia rangi hiyo, karibu digrii 300, ugumu wake umepungua sana. Ilipasa nikichovye majini mara kwa mara. Nikasaga palipoungua, nikapaunguza tena. Nilitoka Handeni na bobari ndefu kama mkono, nikarudi na kijiti cha kuchokolea meno.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Nikajua leo nafukuzwa. Mwishowe akawaita mafundi wa jirani: "Njoni mwone! Huko Korogwe chombo huisha kabla ya mti." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wa Korogwe waliposikia, wakajibu kwamba Handeni mtu huanza kunoa akiwa kijana, akaja kukereza akiwa babu.

Hakunifukuza. Alinipa kile kipande na kinoo, nikanoa wiki nzima mpaka kikanyoa nywele za mkono. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba kicheko kile kilikuwa msamaha. Bobari ya baba yake haikurudi.

Siku hizi kuna vyuma visivyoharibika upesi kwa joto, na vishikio vya kila namna vya kuegemezea patasi kwenye mashine. Ni vyema. Lakini nimewaona mafundi wenye vishikio vitano na kiti kimoja kisichokwisha. Mchagua jembe si mkulima.

Kwa hiyo, wanachama, toeni fedha za mashine, na za miwani ya kukinga macho, na za ndoo ya maji. Kinoo msinunue. Cha mzee ninacho tangu alipofariki, na leo nakikabidhi kwa karakana pamoja na kile kipande cha bobari. Vijana, anzeni na jiwe. Na atakayeunguza chombo asipigwe: achekwe, kisha afundishwe.