Magugu Ndani ya Changarawe

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo, mbele ya zahanati ya kijiji)



Leo hatukai darasani. Nimeomba tusimame hapa uwanjani ili kila mmoja wetu atazame chini ya miguu yake. Changarawe hii ilimwagwa ili mama mjamzito asiteleze kwenye tope, na maji ya mvua yasichimbe msingi wa nyumba. Masika yamepita mara mbili tu. Mnaona nini sasa? Majani. Mtoto analetwa kuchanjwa, anarudi nyumbani na mwiba wa mbigiri kisigino. Hata nyoka akijificha humu hatutamwona.

Nimesikia kuna maneno mawili kijijini. Wengine wanasema tuzoe mawe yote, tubaki na udongo. Wengine wanasema tuchange fedha tununue dawa ya kuua magugu. Mimi nasema tungoje kidogo. Kwanza tujue magugu haya yametoka wapi.

Gugu halioti juu ya jiwe, sivyo? Linaota katika udongo. Basi chukua fimbo ufukue hapa. Unaona vumbi katikati ya mawe? Upepo umelileta. Majani ya mwembe ule yameanguka, yameoza, yamekuwa mbolea. Chini ya mawe jua halifiki sana, kwa hiyo unyevu unakaa. Hicho ni kitalu kizuri kabisa! Mbegu ikidondoka hapa inaota upesi kuliko shambani.

Tena mbegu nyingine zilikuja ndani ya toroli, pamoja na changarawe yenyewe. Changarawe ya mtoni na ya kando ya barabara huchukua mbegu. Hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu ya gugu moja. Litazameni lile pale karibu na ukuta, lakini msiliguse. Majani yake yamechanika kama ya karoti, na maua yake ni meupe, madogo madogo. Hilo ni gugukaroti.

Gugu hili asili yake ni Amerika. Hapa kwetu Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010, na tangu hapo limesambaa kwa magari, kwa maji, kwa mifugo, na kwa mchanga na kokoto. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Ukiota leo, baada ya mwezi mmoja au miwili umekwisha kuchanua. Watu wengi wakiligusa mara kwa mara ngozi inawasha na kutoka vipele. Wengine linawabana kifua. Ng'ombe akilila, maziwa yanakuwa machungu. Na sisi tumelipanda mlangoni kwa wagonjwa! Najua maua yake yanapendeza kidogo, na wapo wanaolihurumia wakidhani ni pambo. Msilihurumie.

Gugukaroti ling'olewe kabla halijachanua, siku ambayo ardhi imelowa, ili mzizi utoke wote. Anayeng'oa avae glovu na nguo za mikono mirefu, na afunge kitambaa puani. Kama hana glovu, mifuko ya plastiki iliyofungwa mikononi itamsaidia. Mwenye pumu asiifanye kazi hii. Lililokwisha chanua litiwe mfukoni taratibu, lisitikiswe, kisha lifukiwe katika shimo refu. Lisitupwe mtoni wala barabarani.

Mbigiri ni kazi rahisi. Inatambaa pande zote kama mkeka, lakini mzizi wake mkuu ni mmoja, hapo katikati. Kata mzizi huo chini ya udongo kwa ncha ya jembe, kisha kunja mkeka wote. Fanya hivyo ingali na maua ya njano, kabla ya miiba kukauka.

Sasa tufike kwa ndago. (Nasikia mnacheka. Nani hapa hajashindwa na ndago?) Ukivuta majani yake, yanakatika mkononi, na wewe unarudi nyumbani umeridhika. Kumbe chini zimebaki punje nyeusi zilizoungana kama shanga, na kila punje itachipua. Ukitandika nailoni chini ya mawe, ncha ya ndago inaitoboa. Kwa hiyo mtu asiwauzie nailoni kwa maneno matamu, angalau si kwa ndago.

Punje hizo lakini zina maadui wawili. Adui mmoja ni jua la kiangazi. Pale ndago zilipojaa, tutasogeza mawe pembeni, tutachimba kina cha shubiri moja, tutageuza udongo na kuziacha punje zikauke juani kwa wiki mbili au zaidi. Adui wa pili ni njaa. Jani ndilo linalolisha punje. Ukikata kila jani linapochomoza, kila baada ya wiki mbili au tatu, bila kukosa, punje inachoka. Ukiruka mwezi mmoja, umeilisha tena.

Na dawa je? Sikatai kwamba dawa inaua majani. Lakini nyingi haziui mbegu zilizolala ndani ya vumbi; mvua ikinyesha, mtachanga tena. Zipo za hatari kubwa pia. Ile iitwayo parakwati, mtu akiinywa hata kidogo anaweza kufa, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Msimimine dawa yoyote katika chupa ya soda. Ninyi sasa mnajua kusoma. Basi ukiona chupa ya dawa popote, soma kibandiko chake hadi mwisho. Chupa nyingi zina utepe wa rangi chini, na utepe mwekundu maana yake ni sumu kali.

Chumvi pia mtu mmoja aliniuliza. Chumvi inaua, ndiyo, lakini mvua itaipeleka kwenye bustani ya mchicha ile pale chini, na mchicha nao utakufa. Oili chafu ya gari ni mbaya zaidi, maana kisima hakiko mbali. Maji ya moto yaliyochemshia mihogo yanafaa kwa miche michanga. Ila kuni zisikatwe kwa ajili hiyo tu.

Kazi yenyewe itakuwa hivi. Tutachekecha changarawe kwa wavu, vumbi libaki chini, mawe yabaki juu. Vumbi hilo lina mbegu, kwa hiyo lisipelekwe shambani, litafukiwa. Ardhi itashindiliwa, na iinamie nje ili maji yasielekee ukutani. Pembeni tutazika matofali ya kuchoma yaliyosimama wima, yazuie sangari kutambaa kutoka nje. Mawe yatarudishwa kwa unene wa vidole vinne. Baadaye majani ya mwembe yafagiliwe kila wiki, kabla hayajaoza.

Tutaanza Jumamosi saa moja asubuhi, upande wa mlango wa chanjo. Wenye majembe, reki na chekeche waje nazo. Glovu zilizopo ni jozi nne, kwa hiyo watu wanne tu ndio watakaogusa gugukaroti. Nani anajitolea? Tuandike majina sasa hivi, kila mtu aandike lake mwenyewe.