Nyuma ya Nyumba Yenu Kuna Nini?



Mwaka juzi malaria ilimmaliza mdogo wangu damu, akalazwa. Siku ya kuruhusiwa, daktari akampa vidonge, akamwambia mama: mboga za majani kila siku, na limau ya kukamulia. Hela ya kila siku itoke wapi?

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na dimbwi na makopo. Mbu watupu! Tukafukia dimbwi, makopo tukazika. Tukajaza magunia mawili udongo na samadi, kokoto katikati, tukapanda mchicha. Maji? Yale ya kuoshea mchele.

Wiki ya nne tukachuma. Baba aliyetucheka, sasa ndiye anayemwagilia! Na mdogo wangu anacheza mpira.

Je, wewe utaanza lini?