Dereva wa Programu ni Mwajiriwa wa Nani?

Msikilizaji, dereva wa teksi au bajaji anayepata abiria kupitia programu ya simu hana bosi wa kumwamkia asubuhi. Lakini nauli hajipangii, kamisheni hukatwa, na nyota za abiria zikishuka akaunti yake inaweza kufungwa bila yeye kuitwa ajieleze. Mkataba alioukubali kwa kubonyeza kitufe unamwita mtu aliyejiajiri. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania, ya mwaka 2004, haiishii kwenye jina hilo. Kifungu cha 61 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kikiwepo hata kigezo kimoja kati ya kadhaa: kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kwa mfano, au kumtegemea kiuchumi anayemfanyia kazi.

Kampuni hujibu kwamba dereva huzima simu akitaka. Hoja hiyo ina uzito, maana wapo madereva wanaouthamini uhuru huo kwa dhati. Ila kuchagua saa ya kuanza hakufuti udhibiti unaomshika akishawasha simu. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliona hivyo Februari 2021 katika kesi ya Uber, na madereva wakapata haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Kwetu, kifungu cha 61 kilitungwa kabla ya programu hizi na hakigusi suala la kufungiwa akaunti na mtambo. Hapo Bunge lina kazi: kampuni ilazimishwe kutoa sababu kwa maandishi, na dereva asikilizwe na binadamu kabla hajafungiwa.