Upinde wa kwanza hupimwa kwa mwili wa mwindaji

Makala ya leo yanaelekea Buffalo, mji ulio kando ya Ziwa Erie katika jimbo la New York nchini Marekani, kutazama swali la kila anayetaka kuanza kuwinda kwa mshale: anunue upinde gani kwanza?

Buffalo imepokea wakimbizi wengi, wakiwamo watu kutoka Kongo na Somalia, na kwa wasemaji wa Kiswahili upinde si chombo kigeni. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania wangali wanauwindia. Waata wa Tsavo nchini Kenya walisifika kwa pinde zilizohitaji zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45, kuzivuta.

Upinde unaouzwa zaidi madukani Marekani ni wa namna nyingine. Ni upinde wa kapi, uliobuniwa na Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, aliyepewa hataza mwaka 1969. Ncha zake zina magurudumu yanayopitisha upote na kamba nyingine. Mpigaji anapovuta, uzito hupanda, kisha magurudumu yakigeuka uzito hushuka. Upinde wa ratili 50 wenye punguzo la asilimia 80 humwachia ratili 10 tu wakati wa kulenga. Hivyo anaweza kumngoja kulungu ageuze ubavu bila mkono kutetemeka.

Urahisi huo ndio unaowaponza wanaoanza. Wengi huchagua upinde mzito kuliko wote, wakisahau kwamba ratili zote 70 sharti zivutwe kabla ya punguzo kufika. Kusini mwa jimbo la New York, eneo la Buffalo likiwamo, msimu wa mishale huanza tarehe 1 Oktoba na kuendelea hadi Novemba, upepo wa ziwa ukiwa umekwisha kuwa baridi. Mtu aliyekaa juu ya mti kwa saa tatu, viungo vikiwa vimekakamaa, huenda asiweze kuuvuta upinde alioumudu dukani mwezi Agosti. Akijikaza na kujitikisa, kulungu humwona akakimbia. Lililo baya zaidi ni kupiga ovyo, mnyama akaondoka na jeraha na kwenda kufia mbali.

Kipimo ni chepesi. Mnunuzi aketi kitini, aunyooshe upinde mbele yake, auvute polepole bila kuuinua juu. Akishindwa, upunguzwe uzito. Sheria ya New York inataka upinde wa kuwindia kulungu usipungue ratili 35, na pinde nyingi za siku hizi huongezwa uzito kadiri misuli inavyozoea.

La pili ni urefu wa mvuto. Upinde wa kapi una kikomo chake, nao lazima ulingane na mikono ya mwenyewe. Mafundi hupima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, mikono ikiwa imetandazwa, kisha hugawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 175 hupata 70. La tatu ni jicho lenye nguvu zaidi, kwani ndilo linaloamua kama upinde uwe wa mkono wa kulia au wa kushoto. Mishale nayo iwe na ugumu unaoufaa upinde huo, na upote usiachiwe kamwe bila mshale, maana upinde waweza kuvunjika.

Tofauti na Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, New York huuruhusu kwa leseni, baada ya mafunzo maalumu ya kuwinda kwa upinde. Tangu mwaka 2014 mshale waweza kupigwa futi 150, yapata mita 45, kutoka nyumba ya mtu, ilhali bunduki hutakiwa futi 500. Kwa hiyo upinde hufika vitongojini ambako bunduki haifiki, na majirani wa vitongoji hivyo ndio watakaomwona kulungu aliyejeruhiwa. Upinde wa kiasi unaopiga panapokusudiwa ni bora kuliko ule mkali unaomshinda mwenyewe.